Nilivyopimia joto la lami ya Makanya barazani kwa mama

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijamsimulia hata mke wangu. Chumvi sitaongeza, aibu yenyewe inatosha.

Miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa magulioni na ajira zimekauka, nikarudi Same na diploma ya barabara kutoka nchi ya theluji. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini. Kijijini kwetu mlimani aliyefika huko ni mimi tu. (Mnaobisha, mtajeni mwingine.)

Mkandarasi mmoja akanipa majaribio: kipande kifupi cha lami, Makanya, chini tambarare kwenye jua kali. Injinia mkuu akikikubali, naajiriwa. Akikikataa, narudi kulima tangawizi.

Stoo kulikuwa na mapipa ya lami ngumu na lami laini. Kuchagua, lazima ujue joto. Nikapima siku saba, kitaalamu kabisa.

Tatizo, nilikuwa nalala kwa mama, juu mlimani. Kipimajoto nilikitundika barazani kwake, kivulini, nakisoma alfajiri nimevaa sweta.

Nikaamuru lami laini, ile ile ya kule theluji, isiyopasuka kwa baridi.

Nyapara wetu, Mzee Mbwambo, akavua kandambili, akakanyaga barabara ya zamani, akarudisha mguu haraka.

"Bwana Diploma, njoo upime na wewe."

"Mzee, shikamoo, lakini hii ni sayansi."

"Marahaba. Basi sayansi yako ivae viatu."

Injinia alikuja siku ya gulio, saa nane mchana. Lami inang'aa kama imepakwa mafuta. Lori la jasi limeacha mifereji. Kandambili tatu zimeganda katikati, wenyewe wamekimbia peku.

Injinia akapiga hatua. Mguu ukaja, kiatu kikabaki.

"Nani kachagua lami hii?"

Ningeweza kusema stoo walichanganya mapipa. Mzee Mbwambo alijua kila kitu, akaangalia milima tu.

"Mimi, mkuu."

"Joto ulipimia wapi?"

"Barazani kwa mama."

Alicheka mpaka akamshika Mzee bega. "Ng'oa yote. Kisha upime hapa, juu ya barabara, saa hizi hizi."

Niling'oa siku nne kwa sururu. Nikapima, nikaweka lami ngumu, nikaajiriwa. Kipande kile hakikuyeyuka tena.

Nilichojifunza: lami inapikwa na jua la pale ilipolala, na huwa ya moto kuliko hewa unayoivuta wewe.

Diploma ipo ukutani. Ila Mzee Mbwambo aliniita "Baraza" mpaka anastaafu.

Nanyi semeni mlipimia wapi, nisichekwe peke yangu.