Kigoda Kisicho na Mtu

Siku ile ya kijijini Mwamapalala haijanitoka, mwanangu, na kila nikikuona unavyoujaza ukuta wa sebule maua, ndege na milima, inanirudia. Nilikuwa kijana, fundi wa kuchora mabango ya maduka pale Bariadi, na maneno yangu yalikuwa mengi kuliko rangi.

Mama mmoja mzee wa huko aliniita nimchoree kigoda cha mumewe ukutani kwake. Mzee yule alipeleka ng'ombe malishoni upande wa Meatu wakati wa ukame, hakurudi, wala kaburi lake halikujulikana. Kigoda chake, ambacho kwa desturi hakikaliwi na mwingine, mchwa walikuwa wamekimaliza. "Mkeka upo," alisema yule mama, "lakini yeye akija hakai chini."

Nikakichora: miguu mitatu, rangi nyeusi, ukuta mweupe wa udongo. Basi. Kilivyokuwa peke yake pale, nikakihurumia. Nikasema, "Mayu, mama yangu, ngoja nimweke na mzee mwenyewe, amekaa, umfurahie." Nilikuwa nimeshachovya brashi.

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, na jua lilikuwa kali. "Ukiweka mtu hapo, akija akakuta pameshakaliwa, atakwenda wapi tena?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alileta bakuli la uji, akaliweka chini ya kile kigoda, akasema "Mwangaluka" polepole, kama mke anavyomwamkia mumewe. Kuku waliokuwa wakichakura wakapazunguka pale bila kuligusa bakuli. Mbwa akajilaza mbali kidogo, anatikisa mkia, macho yake juu ya kigoda, pale ambapo uso wa mtu aliyekaa ungekuwa. Niliogopa, sikufichi. Niliinama kukusanya makopo yangu, na nilipoinuka bakuli lilikuwa tupu. Mbwa alikuwa palepale alipolala. Yule mama alikuwa analia huku anatabasamu, nami nikajua hatakaa tena mlangoni kuitazama njia kama alivyozoea.

Ninachokuambia ni hiki: chora kitu kimoja, kichore vizuri, halafu weka brashi chini. Kikombe, jembe, kigoda, vinatosha. Ukiona nafasi usiikimbilie kuijaza, huenda si tupu.

Mungu akutunze, ng'wanane, mwanangu, akupe mkono unaojua kuacha. Siku nikiondoka, nichoree kikombe changu cha bati tu. Mimi usinichore. Nitakuja mwenyewe, nikubariki.