Sindano Iliyoshuka Kwenye Kilima cha Punia

Sumaili alianza kuendesha kamiyo, lori la mizigo, mwaka 1949, na kwa miaka saba hakuwahi kuvunja hata taa. Alikuwa akipakia mpunga Lubutu na kuuteremsha Kindu, safari ya siku mbili kama mvua haijakata barabara. Mwaka 1956 alimwambia mkubwa wake, Mubelgiji mwenye magari, kwamba mpira unaopitisha maji ya kupoza injini umeanza kuchanika. Mkubwa akamwonyesha sindano ya joto mbele ya usukani: ikifika kwenye nyekundu asimame, isipofika aendeshe.

Safari iliyofuata alimpandisha mke wake, Albertine, mwenye homa na tumbo lililovimba. Daktari alikuwa Kindu.

Siku ya pili asubuhi, kwenye kilima baada ya Punia, sindano ikaanza kupanda. Sumaili aliitazama kuliko alivyotazama barabara. Ilipokaribia nyekundu alitafuta mahali pa kusimama, lakini mara ikashuka yenyewe, taratibu, mpaka kwenye baridi.

"Imepoa," alimwambia Albertine. "Tutafika leo."

Kilomita chache mbele harufu ya rangi inayoungua ikajaa ndani, injini ikagonga kama nyundo, ikakwama. Alipofungua boneti aliukuta mpira umepasuka, na maji hayakubaki hata tone. Hakuna gari lililopita. Alikimbia kijijini kutafuta watu wa kumbeba mgonjwa. Waliporudi na machela, Albertine alikuwa amekwisha kukata roho, peke yake pale kwenye kiti. Walimzika kando ya barabara.

Gari lilipovutwa hadi gereji ya Kasuku, mkubwa aliamuru kipimo cha joto kikaguliwe mbele ya Sumaili. Kasimu, fundi waliyezoeana naye miaka mingi, akakifungua kwenye injini: kidude cha shaba cha ukubwa wa kidole gumba, chenye waya unaokwenda kwenye sindano. Akakiunganisha na betri, akakitumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka. Sindano ikapanda hadi nyekundu.

"Kipimo ni kizima," alisema mkubwa. "Mubovu ni wewe."

Akatoka. Kasimu akakitoa majini, akakishika hewani. Polepole sindano ikashuka.

"Ndugu yangu," alisema Kasimu bila kumtazama, "maji ikiwa moto, hiki kinafungulia umeme njia, sindano inapanda. Lakini kinajua tu kile chenye kukigusa. Maji ikiisha, iko inapima upepo. Moteri inaungua, sindano inasema baridi."

"Ulijua hivyo tangu zamani?"

"Nilijua. Nilizania nawe unajua."

Sumaili alimwomba akamweleze mkubwa. Kasimu aliogopa kupoteza kazi, akakataa. Sumaili alifungwa miezi sita kwa kuharibu mali, na karatasi yake ya udereva ikachukuliwa. Gerezani, kilichomla si kifungo. Ni kwamba alikuwa amefurahi sindano iliposhuka, na furaha hiyo akampa Albertine.

Alipofunguliwa alitembea siku nyingi kwa miguu mpaka kilima kile. Barabara ilikuwa imepanuliwa pande zote mbili, na wafanyakazi aliowauliza hawakujua habari ya kaburi lolote. Alirudi Kindu akabeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamkataa. Hakuoa tena, wala hakupanda gari tena.