Mizani Iliyonyamaza Mlangoni

Nilipofika kwenye ghala la mwani kule Micheweni, mwenyekiti wa kikundi alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu, akauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mizani yetu imeshikwa na kichaa. Njoo uione."

Mimi ni mzaliwa wa Gando, na kazi yangu ni kurekebisha mitandao ya vifaa visivyotumia waya. Swali lile nimeshalizoea, kwa hiyo sikununa. Nikamfuata uani.

Mizani ilikuwa imefungwa juu ya kigari cha kusukuma. Kina mama walipima viroba vya mwani mkavu pale nje kwenye chanja, kisha wakakisukuma kigari ndani wapime vilivyobaki. Kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mizani kilipeleka uzito kwenye kompyuta ya karani ofisini. Nje kilifanya kazi vizuri. Kikivuka mlango tu, kimya. Karani, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, alitoa kichwa dirishani: "Haijaja! Pimeni tena!" Wakapima tena, wakachoka.

Nilikisukuma kigari mwenyewe, laptopu mkono mmoja, kina mama wakinifuata nyuma. Ugonjwa ulijulikana upesi. Palikuwa na rauta mbili za kurusha mtandao, moja uani na moja ghalani. Kifaa kilikuwa kimepangwa kisiiache ya kwanza mpaka ikatike kabisa. Ndani ya ukuta ule mnene ishara ya uani ilikuwa hafifu mno, lakini chenyewe kiliing'ang'ania tu, na rauta ya ghalani iko juu ya kichwa chake.

Nikakipangia kitafute rauta nyingine mapema. Nikazidisha. Kikawa kinahama nje, ndani, nje, ndani, hata kigari kikiwa kimesimama.

"Sasa ndiyo umekipandisha shetani hasa," mwenyekiti akasema, na kina mama wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Nikarudisha kiwango kidogo kidogo, kikatulia.

Katika kupekua rauta nikaona simu nyingi ambazo si za kikundi. Kumbe paswedi iliandikwa kwa chaki mlangoni.

"Bi Mkubwa, hii kila apitaye anaisoma."

"Kuna ubaya gani? Jirani yangu husimama hapo ukutani kila siku akazungumza na mwanawe aliyeko Maskati. Mie nimfukuze?"

Nikamweleza kwamba mtu mwenye nia mbaya akishaingia kwenye mtandao ule anaweza kuifikia mizani, akapeleka ofisini uzito autakao.

"Yaani mie nimesimama majini tangu alfajiri, mtu amekaa kivulini anipunguzie mwani wangu?"

"Inawezekana."

"La! Funga. Funga yote!" Kisha uso ukamlegea. "Lakini yule bibi, na mwanawe..."

Nikamwambia hapana haja ya kumfungia mtu. Nikatengeneza mitandao miwili. Wa mizani niliupa paswedi ndefu, wakaijua yeye na karani tu, na nikahakikisha haupokei kifaa kingine chochote ila mizani na kompyuta ya ofisini. Wa pili ukawa wa wageni, na hauna njia ya kufika kwenye mizani. Paswedi ya wageni mwenyekiti aliiandika mwenyewe mlangoni, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo.

Ikabaki kujaribu. Viroba vyote vilikuwa vimeshapangwa hadi juu, na hakuna aliyetaka kuvishusha. Mwenyekiti akakusanya kanga zake, akapanda kwenye mizani, akakaa.

"Nisukumeni mie."

Wakamsukuma. Kigari kikiwa bado nje, karani akaitangaza namba. Kigari kikavuka mlango.

"Imekuja!" karani akapiga kelele. "Ile ile! Haikupungua hata chembe!"

Namba yenyewe sitaitaja hapa, namheshimu.

"Muongo!" mwenyekiti akamjibu kwa sauti. "Toa kanga, toa na viatu!"

Kina mama wakashikana mabega kwa kicheko, kisha mmoja akasema naye anataka kupitishwa mlangoni, na mwingine nyuma yake. Nilikunja nyaya zangu nikiwa nimesimama pembeni, kwani kigari kilikuwa hakishikiki tena, na karani anaendelea kutangaza, kila mtu na uzito wake.