Dakika Tano Kila Jumamosi

Walimwita Jaji, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Ukimpelekea gari, kabla hajafungua boneti alikuwa ameshakuhukumu wewe mwenyewe. Alikutazama viatu, akakutazama mikono, akauliza, "Nani alikuruhusu kumiliki injini?" Hapo ndipo alipoanza kazi. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa amewatukana watu wazima na akili zao, na bado walirudi, maana mkono wake haukuwa ukikosea. Hilo alilijua vizuri mno.

Aliwadharau madereva kwa sababu wanaendesha. Aliwadharau wasioendesha kwa sababu wanatembea huku wakitoa ushauri. Mafundi vijana aliwaita wabadilishaji, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kung'oa kifaa kimoja baada ya kingine hadi waangukie kile kibovu. Na kwa kuwa aliamini binadamu hana masikio, hakumwachia mteja maagizo ya mdomo. Alikata kipande cha boksi la filta, akaandika kwa penseli nyekundu ya seremala, herufi kubwa kama anamwandikia mtoto wa chekechea, kisha akakitundika kwenye usukani. USIONGEZE MAJI INJINI IKIWA MOTO. Au: TAA NYEKUNDU SI PAMBO. Mteja mmoja, mtu mzito mwenye kitambi na cheo, alirudishiwa gari lake na kadi isemayo UKISIKIA KELELE ZIMA GARI, USIONGEZE REDIO. Alisoma, akaondoka nayo.

Jumatano moja asubuhi Jaji aliitwa nyumbani kwa mshonaji wa sare za shule, mjane wa rafiki yake Karani. Karani alikuwa amefariki miaka sita nyuma na kuacha nyumba, cherehani mbili za mkewe, na gari dogo la zamani lenye kabureta lililowekwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Sasa mjane alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akiwa na miaka hamsini na minane, alikwenda shule ya udereva, akakaa benchi moja na vijana wa rika la wajukuu zake, akafaulu. Alitaka gari la mumewe litembee ili apeleke sare zake shuleni mwenyewe, bila kumbembeleza mtu.

Mwanawe, msimamizi wa ghala, hakutaka. Alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu, na huyo alikuwa anakuja Ijumaa na gari la kulivuta. Mama na mwana walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: Jaji aangalie. Akisema injini ni nzima, gari linabaki. Akisema imekufa, linaondoka.

"Karibu, shemeji," mjane alisema. Mkanda wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni.

"Nimekaribia. Nani amegusa gari?"

"Mimi nimeangalia oili tu," msimamizi alisema kwa furaha. "Upande huo hakuna tatizo, fundi. Iko tele. Imepita hata alama ya juu."

Jaji alimgeukia taratibu. "Kuna mtu ameiongeza?"

"Hapana. Miaka sita haijaongezwa."

"Kwa hiyo oili imezaa."

Msimamizi alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Oili hupungua," Jaji alisema. "Huvuja, huungua. Ukiona imejaa kupita ilivyoachwa, kuna kitu kimeingia humo, na hicho kitu si zawadi. Wewe ghalani kwako, magunia yakizidi yenyewe, unashangilia?"

Alifungua kifuniko cha kumiminia oili. Ndani yake kulikuwa na rojo zito, rangi ya chai ya maziwa. Msimamizi aliinama, akapiga picha kwa simu, akaisogeza skrini kwa kidole, na ndani ya dakika mbili alikuwa ameshakuwa mtaalamu.

"Hapa wanasema ikiwa hivi gasketi ya hedi imekwisha. Maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Mama, si nilikwambia? Limekufa hili."

"Hapo wanasema," Jaji alirudia. "Haya, waambie waje waing'oe hedi wenyewe."

Akaanza kazi, na hapo hata mimi ninayesimulia habari zake lazima nifyate ulimi, kwa sababu kwenye kazi mtu huyu alikuwa haguswi. Alifungua rejeta, akachovya kidole: maji safi, hayajapungua, hayana utando wa mafuta. Alichomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Zote zilikuwa na masizi meusi, hakuna hata moja iliyosafishwa na mvuke wa maji yanayovuja. Akaomba kijiko kikuukuu cha chuma na jiko. Alidondosha tone la oili kwenye kijiko cha moto, nalo likapasukapasuka likitoa sauti ya kukaanga. Maji yamo. Kisha akachovya kijiti cha kupimia oili, akadondosha tone lingine kwenye gazeti, akangoja. Tone lilitambaa, likaacha doa jeusi katikati na pete pana ya unyevu pembeni. Alilinusa, akampa msimamizi anuse.

"Petroli," alisema msimamizi.

"Pua yako ina akili kuliko simu yako. Maji yamo, petroli imo, lakini rejeta haijapungua hata tone. Gasketi ni nzima. Injini baridi hutoa jasho ndani kama chupa iliyotoka kwenye friji. Ukiiwasha mpaka ipate moto sawasawa, jasho linakuwa mvuke, linatoka. Ukiizima kabla haijapata moto, jasho linashuka kwenye oili. Na petroli isiyoungua inapenya pembeni ya pistoni, inalifuata. Mara moja si kitu. Ukirudia mara mia, unapata huu uji." Aliifuta mikono yake kwa tambara. "Gari hili halikulala miaka sita. Lilikuwa linaamshwa, linalazwa tena kabla halijafumbua macho. Nataka kumjua mtu huyo."

Simu ya msimamizi iliita. Alikuwa mnunuzi wa vyuma. Msimamizi akatoka bandani kwenda kuongea karibu na geti.

"Ni mimi," mjane alisema.

"Wewe, shemeji?"

"Mimi. Kila Jumamosi, saa nne, nikimaliza kufua. Nilikuwa nachukua saa ya jikoni, naiweka hapo juu ya dashibodi, nakaa kwenye kiti cha baba watoto. Dakika tano. Sijawahi kuruka. Hata nilipokuwa na homa nilikuja nimejifunga shuka."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Fundi."

Jaji alifurahi. Nasema kweli, alifurahi, maana hakuna kilichomnenepesha kama ujinga wa fundi mwingine. "Fundi gani huyo? Fundi wa nini, wa viatu? Huyo kichwani ana uji kuliko huu! Mtu anayemwambia mama wa watu aue injini kidogo kidogo kila wiki, huyo si fundi, ni mpumbavu aliyeokota spana njiani. Mlete hapa nimvue hilo ovaroli mbele ya watu."

Mjane alimwacha amalize. Alipomaliza, alifungua mlango wa gari, akaingiza mkono kwenye kisanduku cha dashibodi, akatoa kipande cha boksi la filta kilichotobolewa tundu na kufungwa uzi. Penseli nyekundu ilikuwa imefifia lakini inasomeka vizuri. WASHA KILA JUMAMOSI DAKIKA TANO. ZIMA.

Jaji aliikumbuka siku hiyo yote kwa mpigo. Ilikuwa wiki moja baada ya mazishi. Yeye ndiye aliyeliingiza gari bandani. Mjane alisimama pale akiwa na kanga mbili na macho mekundu, akauliza afanye nini ili gari la mumewe lisiharibike. Jibu alilijua. Ama ulitoe barabarani lipate moto, ama ufungue betri na usiliguse. Lakini alimtazama, akaona mwanamke anayelia asiyejua kuendesha, akajiambia, huyu ndani ya mwezi atakuwa amesahau, ya nini nipoteze maneno. Akaandika chochote, kama mtu anavyompa mtoto kijiko achezee ili anyamaze. Hakuwahi kuwaza kwamba angetii.

Alikuwa ametii mara mia tatu.

Msimamizi alirudi. Kadi ilikuwa mkononi mwa Jaji, na mkono ule, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, uliiingiza kwenye mfuko wa ovaroli.

"Sasa, fundi? Anataka kujua aje au asije. Nani kaliua?"

Mjane alikuwa anamtazama Jaji, amekunja mkanda wake wa kupimia kwenye kidole.

"Gari limezeeka," Jaji alisema. "Vitu vikuukuu ndivyo vilivyo."

"Mama alikuwa analiwasha kila wiki," msimamizi alisema. "Nilimwambia aache, hasikii. Umeona, mama? Umeliua kwa mikono yako. Na unataka kuendesha!"

"Basi liuzwe," mjane alisema. Kisha akamgeukia Jaji. "Asante kwa kuja, fundi."

Fundi. Miaka yote alikuwa shemeji. Mjane akachukua kijiko chake kilichoungua na kuanza kuelekea jikoni.

Jaji alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kukusanya spana zake aende. Hakuna ambaye angejua. Aliinama hata akaokota moja. Halafu aliona juu ya dashibodi doa la duara, mahali ambapo vumbi halikuwa limekaa, ukubwa wa saa ya jikoni.

"Subiri," alisema. "Shemeji, subiri." Alitoa kadi mfukoni, akampa msimamizi. "Soma kwa sauti."

Msimamizi alisoma. Alikuwa na kadi mbili za namna hiyo kwenye gari lake mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza ni mwandiko wa nani. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta wa banda.

"Kumbe mpumbavu ni wewe!" alisema. Sauti ya Jaji ya kutukana ilikuwa imefika hadi getini.

"Ni mimi. Mama yako alifanya alichoambiwa na mtu aliyemwamini. Mimi ndiye niliyemdharau, nikamwandikia upuuzi. Mpigie mtu wako asije. Injini haijafa. Itakufa ikiwashwa na uji huu, na mimi siiwashi."

Alianza kesho yake, akafanya kazi hiyo siku tatu, chali chini ya gari, mwenyewe. Alimwaga oili yote, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na ndani akakuta tope limeziba chujio karibu lote. Alilikwangua kwa kijiko cha mbao, akaosha kwa dizeli, akachungulia beringi moja moja. Zilikuwa zimechubuka kidogo, hazijalika. Akaweka filta mpya na oili mpya, akaendesha hadi injini ikapata moto hasa, akamwaga oili hiyo nayo, akaweka nyingine. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mjane alikaa kwenye kiti saa nne kamili, akawasha. Taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazimika. Dakika tano zikapita. Mkono wake ulitaka kuzima kwa mazoea. Akautuliza, akaingiza gia.

Alirudi mchana, amechafuka vumbi, kiti cha nyuma hakina sare hata moja, zote amezifikisha. Jaji alikuwa anamngoja getini na kipande kipya cha boksi na penseli sikioni.

"Shemeji, nikuandikie sasa sawasawa."

"Sina haja, shemeji," alisema. "Nimesikia." Kisha akampa kadi ile ya zamani. "Hii ni yako. Itundike."

Aliitundika. Iko hadi leo juu ya meza yake ya kazi, penye macho ya kila anayeingia. Matusi hajaacha, na sidhani ataacha. Lakini wateja wapya husoma kadi ile, hukunja uso, humuuliza ni ya fundi gani huyo asiyejua kitu.

"Ni mpumbavu mmoja," Jaji huwajibu. "Anafanya kazi hapa hapa."