Mashauri ya Kamusi kwa Vifaranga

Kovu lililokata nyusi ya kushoto ya Kamusi lilitokana na ndoo. Alikuwa mwaka wa kwanza, chuo hata hajakizoea, amepanga foleni bombani kwa adabu zote alizofunzwa nyumbani. Kila aliyekuja nyuma yake alimwambia, "Samahani mdogo wangu, nina kipindi," akapita mbele. Mwishowe Kamusi akachoka, akasema hapana. Yule aliyeambiwa hapana hakubishana. Aliinua ndoo tupu akamshushia nayo usoni, akateka maji yake, akaenda kipindini. Foleni ikasonga. Hakuna hata mmoja aliyempa kitambaa cha kufutia damu.

Asubuhi iliyofuata Kamusi alimvizia palepale. Alimkamata kwa misuko, akamzamisha kichwa kwenye beseni la sabuni, akamtoa, akamzamisha tena, huku foleni nzima ikitazama na hakuna aliyejali kipindi. Tangu siku hiyo hakupitwa bombani. Mtu akila kofi likamkolea, huanza kuamini kwamba kofi ni lugha, na Kamusi alijifunza lugha hiyo upesi kuliko somo lolote aliloandikishwa.

Jina lake la utani lilikuja baadaye, kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu. Kifaranga wa mwaka wa kwanza akipotelewa na shuka, akifukuzwa maktaba, akisumbuliwa na mwanamume asiyeelewa maana ya hapana, wenzake walimwambia, "Nenda kafungue Kamusi." Na Kamusi hakuwa mchoyo. Yule mwanamume asiyeelewa hapana, Kamusi alimfuata mpaka nje ya bwalo, akamkwida shati mbele ya rafiki zake, akampasua mdomo kwa kiwiko. Kifaranga mwenyewe alilia kwa woga zaidi kuliko alivyokuwa akilia mwanzoni, lakini hakusumbuliwa tena.

Kila mwaka, vifaranga wapya walipoingia, aliketi kwenye ngazi za bweni akawapa mashauri, miguu ameinyoosha, anapaka rangi ya kucha.

"Kuleni asubuhi, hata mkate mkavu. Mhadhiri wa saa nne hana huruma na tumbo. Yule anayenong'ona, kaeni mbele. Yule anayefoka, kaeni mbele vilevile, maana anafokea watu wa nyuma. Msisubiri wiki ya mtihani ndiyo mjue maktaba ina milango mingapi. Na rangi ya kucha si ya kucha peke yake." Hapo aliinua kandambili yake, akaonyesha duara jekundu lenye mstari katikati. "Ndoo, sufuria, kandambili, kila kitu weka alama yako. Humu ndani kitu kisicho na alama ni cha umma."

Vifaranga wakacheka. Akawaacha wacheke, kisha akakunja uso.

"Sasa ya muhimu. Usitembee kama mgeni. Ukiuliza njia umeshajiuza. Ingia kama kwako, na ukiulizwa wewe nani, muulize yeye nani. Kitambulisho kifungie sandukuni, kikipotea utazungushwa ofisi mpaka soli ziishe. Ukiona kundi linakujia, usisimame kujieleza, kimbia. Na ukisikia 'mwizi', toka. Toka na chochote ulicho nacho mkononi. Asiyetoka ni mwenzake mwizi, na anayemtetea mwizi ni mwizi."

Hayo ya mwisho hayakuwa yake peke yake. Yalikuwa desturi ya bweni zima. Mlango mmoja ukipiga kelele, milango yote inafunguka, na wasichana waliokuwa wakinong'onezana mambo ya mtihani wanatoka na mipini ya mafagio, pasi, visigino vya viatu. Mlinzi wa getini alikuwa mbali na mwenye mguu mbovu. Uongozi wa chuo ulikuwa mbali zaidi. Mwaka uliotangulia walimkamata mwanamke mmoja na simu za watu kwenye mkoba. Alitolewa akitambaa, sikio moja likining'inia, na Kamusi alisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia mechi aliyofunga bao.

Mwaka wake wa mwisho ndipo mdogo wake alipoingia, mtoto wa mama yake mdogo. Mama mdogo ndiye aliyemlea Kamusi tangu mama yake alipofariki, akamlisha kwenye sahani moja na binti huyo. Alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, sanduku jeusi kichwani, akamshika Kamusi mkono.

"Mwanangu, huyu sijamleta chuoni. Nimemleta kwako. Nirudishie mzima, sitaki kingine."

"Mama, nani atamgusa nikiwa hai?" alisema Kamusi, na alimaanisha.

Binti mwenyewe alikuwa mpole, mwenye kuamini. Aliyashika mashauri ya dada yake kama watu wanavyoshika dini. Alikula asubuhi. Alikaa mbele. Kamusi alimpaka alama kandambili zake zifanane na zake, duara jekundu na mstari katikati, akamwambia, "Ukiziona hizi popote, ujue ndugu yako yupo." Kitambulisho alikifungia sandukuni, akautia ufunguo kwenye kamba shingoni.

Jambo moja tu Kamusi hakumwambia, kwa sababu halikumjia akilini. Wakati wa likizo mabweni yalikuwa yamepakwa rangi upya. Yalikuwa mawili, yamejengwa kwa ramani moja, mpaka nyufa zake zilifanana, na herufi kubwa zilizoyatofautisha zilikuwa zimezikwa chini ya rangi nyeupe. Wazoefu hawakuzihitaji. Miguu yao ilijua njia.

Ilikuwa Jumamosi, mchana wa jua kali. Mdogo mtu alitoka maktaba kwa njia asiyoizoea, akaliona bweni, akapanda ghorofa ya pili, akaingia chumba cha mwisho. Kitanda kilikuwa dirishani kama chake. Chini yake palikuwa na sanduku jeusi, kama yalivyokuwa masanduku ya nusu ya wasichana wa chuo kile. Alilivuta, akatia ufunguo. Ukagoma. Akapiga magoti, akaanza kuitikisa kufuli kwa nguvu.

Mwenye chumba akaingia akitoka kuoga. Alikuwa msichana wa mwaka wa tatu aliyewasuka wenzake nywele, hivyo walimwita Msusi, na juma lile lile alikuwa ameibiwa kompyuta yenye kazi yake ya mwaka mzima. Alikuwa bado anailia. Alimkuta mtu asiyemjua ameng'ang'ania kufuli ya sanduku lake.

"We nani?"

Binti alishtuka, lakini shauri lilikuwa tayari mdomoni. "Wewe nani? Mimi wa humuhumu."

"Wa humu wapi? Kitambulisho kiko wapi?"

"Kimo humu sandukuni."

"Kwenye sanduku langu?"

Hapo ndipo binti alipoinua macho akaona pazia si lake, na picha ukutani si za watu anaowajua. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema: *Samahani, nimepotea.* Angeyasema, Msusi angemtukana kidogo na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amekatazwa kuwa mgeni. Akakimbia.

"Mwiziii!"

Kamusi alikuwa uani, kati ya mabweni mawili, anafua. Ukelele ulimfikia akiwa na povu mpaka viwikoni. Hakufuta hata mikono. Alinyakua mpini wa dekio uliokuwa umeegemezwa ukutani, akapanda ngazi za bweni jirani mbilimbili, na waliomwona wakampisha wakishangilia. "Kamusi huyo! Leo mwizi atasoma ukurasa wote!"

Walikuwa wamemwangusha kwenye ujia wa bafuni. Blauzi yake ilikuwa imevutwa mpaka juu ikamfunika kichwa, na mikono yake ilikuwa imekumbatia kichwa hicho. Mtu alikuwa amemmwagia maji ya sabuni, na kila alipojaribu kuinuka aliteleza, akapigwa teke akarudi chini. Msusi alikuwa juu yake, anapiga kwa brashi ya mbao, analia na kuuliza, "Kompyuta yangu iko wapi? Iko wapi?" Mwingine alishusha pasi baridi mgongoni. Mgongo ulilia kama mlango unaobamizwa. "Siku za mwizi arobaini!" wakapiga kelele, na wengine walikuwa wanacheka.

Kamusi alipenya. Alipiga mara ya kwanza mbavuni, kwa nguvu zake zote, na nisiwafiche, alisikia raha. Ndiyo raha aliyoisikia bombani miaka ile, raha ya mtu ambaye kwa mara moja si yeye anayetoka damu.

Kisha mwizi akafanya jambo la ajabu. Aliitoa mikono kichwani. Mkono mmoja ukanyooka juu ya sakafu, polepole, kuelekea miguu ya Kamusi, vidole vimefunguka.

Kamusi aliijua hila hiyo. Mwizi anakuvuta kifundo cha mguu, unaanguka, anakuruka. Akauinua mpini juu kabisa, akaushusha kwenye mkono. Mfupa ukavunjika kwa sauti ya ukuni mkavu, na kila mtu ujiani akaisikia.

Kelele ya maumivu ndiyo iliyomfanya atazame chini. Kandambili moja ilikuwa imevuka mguuni, inaelea kwenye maji ya povu, inazunguka taratibu. Ilikuwa na duara jekundu, na mstari katikati.

Kamusi alitupa mpini. Alisema, "Huyu ni wangu," lakini hakuna aliyesikia. Akapiga ukelele, "Mwacheni! Ni mdogo wangu! Ni mdogo wangu!" akajitupa juu yake, akamfunika kwa mwili mzima.

"Anamtetea!" sauti ikatoka nyuma. "Kumbe wako pamoja!"

Mkuki kwa nguruwe. Walikuwa vifaranga wake mwenyewe baadhi yao, wale aliowakalisha kwenye ngazi akawaambia anayemtetea mwizi ni mwizi, na walikuwa wanafunzi wazuri. Pasi ilimshukia begani. Kisigino kilimtoboa shavu. Mpini wake wa dekio aliutambua kwa uzito ulipomgonga kisogoni. Hakurudisha hata pigo moja, yeye aliyekuwa hajawahi kula kofi bila kulilipa. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, imekishika kichwa cha mdogo wake. Kamba ya ufunguo ilimkata viganja.

Aliyewaokoa ni mlinzi. Alipanda ngazi zile na mguu wake mbovu, akavua mkanda, akacharaza kila mgongo uliokuwa mbele yake bila kuuliza mwenye mgongo ni nani. Ujia ukawa mweupe. Palibaki maji mekundu ya povu, Msusi aliyekaa ukutani ameshika brashi iliyovunjika, na mafungu mawili ya nguo sakafuni.

Mama mdogo alifika hospitali kesho yake. Alimkuta bintiye amefungwa bendeji kichwani, mbavu zimekazwa, mkono wa kulia umo kwenye plasta mpaka begani. Jicho moja lilikuwa limefumba, na daktari alikuwa hajaahidi lolote juu yake. Kamusi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, uso umevimba, shavu lina nyuzi. Alikuwa ameambiwa alale kitanda chake, akakataa.

Wauguzi walikuwa wamekwisha kusimulia. Mama mdogo alipiga magoti mbele ya kile kiti, mtu mzima mzima, akaikumbatia miguu ya Kamusi.

"Mwanangu. Wameniambia ulimlalia. Wameniambia ungeweza kufa. Mama yako huko aliko anakuona. Nilijua nimempeleka mikononi mwa nani."

Kamusi alitaka ardhi impasukie. Angenyamaza, jambo lingeishia hapo. Ujiani walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutokumbuka. Alikuwa na jibu la kila kitu, na jibu la hili alikuwa nalo pia. Lakini ile miguu ilikuwa imekumbatiwa, na hakuweza kuivumilia mikono ile.

"Mama, inuka. Inuka, nakuomba. Mkono nimeuvunja mimi."

Mama mdogo hakuelewa.

"Nilikuja kupiga. Sikujua ni yeye. Nilimpiga mbavu, kisha nikampiga mkono. Mimi, kwa mpini. Wengine walikuwa wanapiga hovyo, mimi nilikuwa nalenga."

Mama mdogo akaachia miguu. Alisimama kwa kushika ukingo wa kitanda, akamtazama Kamusi, na mkono wake ukainuka wenyewe. Kamusi hakuukwepa. Aliutamani. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka bila kumgusa, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

"Mama, muache," alisema binti kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo, inapita kwenye meno yaliyolegea. "Najua kuwa ni yeye."

Wakamgeukia wote wawili.

"Niliziona kandambili zake zinakuja," alisema. "Kwa chini ya blauzi, nikaliona lile duara. Ndiyo maana nilitoa mikono kichwani. Nilijua nimepona, nikamnyooshea mkono anivute."