Nilipoiombea Meli ya Umeme

Mume wangu ni fundi wa injini za meli, na mimi ni mkulima wa ndengu hapa Mwala. Kwa miaka mingi amefanya kazi kwenye kivuko cha magari huko nchi za baridi. Alikuwa akipiga simu akiwa kazini, dizeli ikinguruma nyuma yake hadi nasikia maneno nusu nusu. Nikimuuliza anarudi lini, jibu lilikuwa lile lile: "Sikusikii, mama watoto, ni hii injini!" Haya basi.

Mwaka juzi akaniambia dizeli zinang'olewa. Kivuko kitasukumwa na mota za umeme, betri zichajiwe pale gatini magari yakishuka, na mafundi wengi wa zamani watarudishwa makwao. Alisema kwa huzuni. Mimi, woi, moyo uliruka kwa furaha. Watoto wameshaoa na kuolewa, napikia sufuria ndogo, na nimechoka kuongea na kuku. Niliutaka huo umeme kuliko mtu yeyote.

Nikalipeleka jambo hilo kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Lakini utawaambiaje akina mama, "Niombeeni mume wangu afutwe kazi"? Nikasema tu kwamba kazini kwake kumeingia mitambo mipya ya umeme, tumkumbuke. Ngai wangu, wale wanawake wanajua kuomba! Walisimama, wakapiga makofi, wakaomba apewe akili ya mitambo hiyo, awashinde vijana, apandishwe cheo. Nami nikaitikia amina, ningefanyaje?

Maombi yakajibiwa, yote. Alirudi darasani na mvi zake, akafaulu, na sasa ndiye anayewafundisha wenzake habari za betri.

Siku alipopiga simu mara ya kwanza kutoka kivukoni baada ya dizeli kung'olewa, nilianza kupiga kelele kama kawaida. "Shusha sauti, nakusikia," akacheka. Kweli palikuwa kimya, nilimsikia hata akimeza chai. Akanieleza zile mota kwa raha ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu anioe. Niliuonea wivu mtambo, mimi mtu mzima.

"Na nyumbani unarudi lini?" nikauliza.

"Nikirudi Mwala nitafanya kazi gani? Mito yenyewe ni mchanga mtupu."

"Utakaa na mimi."

Safari hii hakukuwa na injini ya kusingizia. Nilisikia anavyopumua. Nikamwonea huruma, nikamwambia aende tu, kazi inamngoja.