Spika Inayokwaruza

Kibali kilipotoka, Baba Spika alikisoma mara mbili akidhani macho yanamchezea. Akina mama wa mtaa wameruhusiwa kuandamana kupinga kufungwa kwa wodi ya uzazi, ila wakae nyuma ya ghala la saruji, wasitembee, wasiimbe, wala wasitumie kipaza sauti.

"Sasa haya ni maandamano au mazishi?" akafoka.

"Hata mazishini watu hulia," akajibu dada yake, aliyezungushwa maofisini akikiomba kibali hicho mpaka soli za viatu zikalika.

Baba Spika alikuwa akitengeneza na kukodisha spika tangu ujana wake. Wagombea walimkodi wakatukanana hadi mate yakawakauka, na hakuna aliyewaambia wakajifiche nyuma ya ghala. Leo bintiye ni mjamzito wa kushika ukuta akitembea. Wodi ikifungwa, hospitali nyingine iko ng'ambo ya mto, na kivuko hakifanyi kazi usiku.

Kibanda chake kilitazamana na ofisi ya mkuu wa wilaya. Kila asubuhi aliweka mlangoni spika alizotengeneza, akazijaribu: moja, mbili, moja, mbili. Makarani walishazoea. Afande wa getini mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba fundi akijaribu mitambo yake hahitaji kibali.

"Dada," akasema, "waambie wenzako nina spika inakwaruza. Nataka sauti za kuijaribia."

Asubuhi wakaja, wakapanga foleni. Wa kwanza alishika kipaza sauti kama aliyeshikishwa nyoka. "Moja, mbili... mimi nilijifungulia wodi ile. Msiifunge." Wa pili akapata moto: "Moja, mbili! Mkuu, wewe mkeo anajifungulia wapi?"

Madirisha ya ofisi yakaanza kufunguka.

Afande akavuka barabara mbio. "Fundi! Majaribio gani haya yasiyoisha?"

"Bado inakwaruza, afande."

"Inakwaruza wapi? Naisikia mpaka chooni!"

"Kumbe imepona! Ahsante kwa kunihakikishia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afande hakucheka. Aling'oa waya, akajitwika spika begani, tena ile kubwa ya harusi, akaondoka nayo.

Jioni binti alimkuta baba yake ameinama, anafungua skrubu za spika ndogo iliyochanika, huku akisonya.

"Wameichukua ile kubwa?"

"Wameichukua."

"Na mkuu alisikia?"

"Asingesikia, ingekuwa bado ipo hapa." Akapuliza vumbi ndani ya spika. "Hii nayo ni mbovu kupita kiasi. Kesho lazima ijaribiwe."

"Basi naanza mimi."

"Wewe kaa nyumbani! Unataka kunizalia kibandani?"

Binti akavuta kigoda, akajishusha taratibu, mkono kiunoni.

"Kwani wakifunga wodi, baba, unadhani nitazalia wapi?"